Nikipiga takbira nawaza oda za wateja, je nimekuwa mnafiki?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar es Salaam, ana watoto wawili, anauza abaya na mitandio na biashara yake yote iko kwenye simu. Nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Bi Mwalimu assalaam alaykum. Ramadhani nilikuwa vizuri sana, naamka usiku, nasoma juzuu yangu kila siku, machozi yanatoka yenyewe. Sasa hivi nimerudi kule kule. Nikipiga takbira tu nakumbuka oda ya mtu, nakumbuka mzigo haujafika, nikitoa salamu sijui nimesoma sura gani. Kuna siku nimejiuliza hivi mimi si mnafiki kweli? Nataka kuikuza roho yangu lakini dunia imenishika kila upande. Niache biashara? Nifute mitandao yote? Na kila nikianza upya nakwenda wiki mbili naacha, nifanyeje?"

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho baada ya isha nikiwa nimetulia, maana niliona hili si la kujibiwa kwa mstari mmoja wa "zidisha imani". Mi nafundisha kina mama hapa Tanga mwaka wa 23 huu, na nakuambia unaloliuliza ndo hilo hilo linaloulizwa na karibu kila mwanamke anayekaa kwenye mkeka wa darsa, tofauti ni kwamba wengi wanasubiri wenzao watoke alafu wanasogea wananiuliza kwa sauti ya chini.

Tuanze na hilo neno mnafiki, naona ndo linalokuumiza zaidi. Kulikuwa na sahaba anaitwa Hanzala, alikuwa mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), hadithi yake iko kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim. Siku moja kakutana na Abubakar njiani, Abubakar akamuuliza vipi hali yako Hanzala, akajibu Hanzala kawa mnafiki. Abubakar akashtuka, subhanallah, unasema nini wewe? Akasema tukiwa kwa Mtume anatukumbusha pepo na moto tunakuwa kama tunaviona kwa macho yetu, tukitoka tukakutana na wake zetu na watoto na mambo ya riziki tunasahau mengi. Unajua Abubakar alisemaje? Alisema wallahi hata sisi yanatukuta hayo hayo. Abubakar huyo! Wakaongozana mpaka kwa Mtume, akawaambia lau mngedumu katika hali mnayokuwa nayo mkiwa kwangu na katika dhikri, basi malaika wangewapa mikono vitandani mwenu na njiani mwenu, lakini ewe Hanzala, saa na saa, akalirudia mara tatu.

Sasa angalia hapo Mtume kamjibu nini na kanyamazia nini. Hakumwambia muache mkeo, hakumwambia uza shamba, wala hakumwambia we una tatizo la imani. Na pia hakumwambia haina shida kasahau tu moja kwa moja. Saa na saa. Saa ya kuwa pale na saa ya kuwa na watoto na riziki. (Nasikia watu siku hizi wanalitumia neno hili vibaya, saa ya Mungu na saa ya maasi, hapana jamani, Hanzala alikuwa anazungumzia mke na watoto na kazi ya halali, hakuzungumzia haramu.) Na yuko tabiin mmoja (yaani wa kizazi kilichowakuta masahaba), Ibn Abi Mulayka, kasema amewadiriki masahaba 30 na wote walikuwa wanajihofia unafiki. Kwa hiyo hiyo hofu yako usiione aibu, ila usiilalie pia ukaanza kukata tamaa, maana shetani akishindwa kukutoa kwenye sala kwa starehe atakutoa kwa kukuambia sala yako haina maana.

Alafu Ramadhani. Mwanangu Ramadhani ulikuwa unasafiri kwa tanga. Mji mzima umefunga, unaamshwa daku na majirani, adhana ikilia kila mtu anakimbilia tende, usiku tarawehe unasimama begani na mwenzio, hata wateja wako walikuwa wanauliza bei baada ya futari. Upepo ulikuwa unakusukuma. Sasa upepo umekata umebaki na kasia, na wewe unajipima kwa mwendo ule wa tanga ndo maana unajiona umesimama. Rakaa mbili za leo usiku peke yako, mtoto anakohoa chumba cha pili, huna tarawehe huna nani, mi siwezi kukuapia kwamba zile za Ramadhani zilikuwa nzito kuliko hizi.

Umeuliza uache biashara. Usiache. Suratul Nur aya ya 37 Mwenyezi Mungu anawasifu watu ambao haiwashughulishi biashara wala kuuza wakasahau kumdhukuru na kusimamisha sala, sasa itazame hiyo aya vizuri, watu wenyewe biashara wanayo! Hajasifu watu waliofunga duka, kasifu watu walio dukani na duka haliko moyoni. Na mama yetu Khadija alikuwa mfanyabiashara, mali yake ndo ilibeba dini hii mwanzo wake. Kuna mashekhe wa kule Bukhara, wa njia ya Naqshbandi, wao wana msingi wao mmoja unasema faragha katikati ya watu, yaani mwili uko sokoni na moyo uko kwa Mola wake, na hilo walilifanya kuwa somo la kufundishwa taratibu, hawakulitegemea lije lenyewe tu.

Kinachokusumbua ni kwamba unategemea khushuu, yaani moyo kutulia kwenye sala, ianzie kwenye mswala, wakati khushuu inatengenezwa kabla hujaukanyaga mswala. Hapa naomba unisome polepole kwa sababu ndo kiini cha jibu langu.

Mtume (s.a.w.) aliwahi kuswali na shuka lenye nakshi, alipomaliza akasema lipelekeni kwa Abu Jahm mniletee lile lake lisilo na nakshi, maana limenishughulisha katika sala yangu. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Mtume! Nakshi ya shuka tu. Na hakukaa anajilazimisha asiione, alilitoa. Sasa wewe na mimi tunaswali na simu iko pembeni ya goti, inatetema, kioo kinawaka, alafu tunashangaa mbona moyo haupo.

Nikusimulie langu. Kuna mwaka nilikuwa mshika hazina wa kikoba chetu cha kina mama, mwisho wa mwezi pesa zinaingia kwa simu, huyu 20,000 huyu 10,000. Nikasimama kuswali isha na mjukuu wangu pembeni, simu nimeiweka chini ya ncha ya mswala nikijiambia si nimeizima sauti. Rakaa ya pili, niko sijda, ikatetema, na mi nikaisikia kwenye paji la uso. Kwenye paji la uso mwanangu, sehemu inayomgusia Mungu ardhi. Kuanzia pale sikuwa nipo tena, nikawa nahesabu nani kalipa nani bado, nikahesabu mpaka nikainuka kwenye rakaa ya tano na yule mtoto akanivuta shela akasema bibi tumemaliza. Nilirudi nikakaa nikasoma tahiyatu nikasujudu sijda mbili za kusahau nikatoa salamu, na usiku ule sikulala vizuri. Sikulia kwa sababu ya rakaa ya tano, hilo lina dawa yake kwenye fiqhi, nililia kwa sababu mtoto wa miaka saba alikuwa yupo kwenye sala na mimi sipo. Tangu siku ile simu haiingii chumba ninachoswalia, hata ikiwa imezimwa haiingii.

Imam Ghazali, mwanachuoni wa zamani, alilieleza jambo hili vizuri kwenye kitabu chake Ihya, mlango wa siri za sala. Anasema vinavyotoa moyo kwenye sala ni vya aina mbili, vya nje na vya ndani. Vya nje ni macho na masikio, dawa yake nyepesi, swali sehemu yenye giza kidogo, karibu na ukuta, usiweke mbele yako kitu cha kukuvuta. (Kama mswala wako una mapicha mengi na jicho linakwenda kuyahesabu, tafuta mkeka usio na kitu, sunna hiyo ushaisikia hapo juu.) Vya ndani ndo vigumu, hata ukifumba macho vinakuja. Na hapo anatoa mfano wa mtu kakaa chini ya mti anataka kutafakari, ndege wanapiga kelele juu, anachukua fimbo anawafukuza, akirudi kukaa na wao wanarudi. Anaambiwa hivi hutamaliza, ukitaka kupumzika ukate mti. Mti ni matamanio ya dunia, ndege ni mawazo.

Mi mfano huu nimeufundisha miaka mingi na naupenda, lakini kwa mama mwenye watoto wawili na kodi ya nyumba sisemi kata mti. Mti wako una watoto wanaokula humo. Nasema kwanza watazame hao ndege, kwa sababu nilivyokaa na wanawake miaka yote hii nimegundua wanaotujia kwenye sala wengine si ndege. Ni wadai. Uzoefu wangu ni huo. Umemwambia mteja mzigo umeshatoka na wewe hujautuma, hilo litakujia kwenye Fatiha kila siku, na litakuja kwa haki yake. Umeuza abaya ukasema imetoka Dubai na umeichukua Kariakoo, umegombana na dada yako mwezi wa tatu hamsemeshani, una pesa ya mtu hujarudisha. Hayo usiyafukuze kwa fimbo. Ukitoa salamu kachukue simu umwambie mteja samahani mzigo wako unatoka kesho, umrudishie mtu pesa yake, umpigie dada yako. Utashangaa sala inayofuata inavyokuwa pana. Wazo likija mara moja likapita, huyo ni ndege, rudi kwenye unachosoma. Likija kila sala kwa jina lile lile, kalitimize.

Na yale ya ghafla tu yasiyo na kichwa wala miguu, yana dawa ya Mtume mwenyewe, Uthman bin Abil As alimlalamikia kwamba shetani anaingia kati yake na sala yake, akaambiwa huyo anaitwa Khinzab, ukimhisi jikinge kwa Mwenyezi Mungu na uteme kushotoni mara tatu, akasema nikafanya hivyo Mungu akamuondoa. Kutema kwenyewe ni pumzi tu yenye unyevunyevu, usije ukaharibu mswala wa watu. Pia badilisha sura unazosoma. Kama ni Kulhuwallahu kila rakaa tangu madrasa, ulimi umezoea unaenda wenyewe hauhitaji moyo. Chukua wiki hii Alhakumu Takathur, aya nane tu, jifunze maana yake neno kwa neno, yenyewe inazungumza na watu walioshughulishwa na kutafuta wingi mpaka wakafika makaburini. Ukiisoma unajua unachosema moyo utapata pa kukaa.

Sasa huyo Ghazali nataka umjue kidogo kama mtu, maana watu wanamuona kama alizaliwa mtakatifu. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha Nizamiya ya Baghdad, chuo kikubwa cha wakati ule, umri wake miaka 33 hivi, anafundisha wanafunzi 300. Anafundisha dini, si abaya. Na alipokaa akaitazama nia yake akakuta kinachomsukuma ni jina na sifa. Akavutana na nafsi yake karibu miezi sita, leo anasema naondoka kesho anasema nabaki, mpaka mwaka 1095 ulimi ukagoma, anasimama mbele ya wanafunzi neno halitoki, chakula hakipiti, matabibu wakasema hili limeanzia moyoni. Akagawa mali akabakisha ya kutosha watoto, akaondoka kwenda Sham, akawa anajifungia kwenye mnara wa msikiti wa Damascus mchana kutwa.

Wengi wakisimulia wanaishia hapo, alikimbia dunia akapata. Lakini mwenyewe kaandika kwamba baadaye maombi ya watoto wake yalimrudisha nyumbani, na huko nyumbani mambo ya familia na mahitaji ya kuishi yalikuwa yanamvuruga utulivu wake, na ile hali safi ilikuwa inamjia vipindi vipindi tu, ila hakukata tamaa nayo, vikwazo vinamtoa na yeye anairudia. Akakaa hivyo kama miaka kumi! Mtu kama yule, vipindi vipindi, anatolewa anarudi. Wewe unataka wiki mbili zisikatike.

Na hapo kuna jambo jingine linanikera sana siku hizi acha niliseme. Dunia si oda za abaya peke yake. Kuna klipu za mawaidha. Mtu anamaliza lisaa lizima usiku anatelezesha kidole, shekhe huyu dakika moja, shekhe yule nusu dakika na muziki wa huzuni kwa nyuma, anatokwa na machozi, anatuma kwenye magrupu matano, analala bila witri na moyoni anahisi amefanya ibada. Mi naona hii inadanganya kuliko hata tamthilia, kwa sababu ukiangalia tamthilia unajua umeangalia tamthilia. Sisemi usisikilize darsa, sikiliza, lakini chagua moja, mwalimu mmoja, kitabu kimoja, kaa nalo mpaka liishe, uwe na daftari. Kilichokuwa kimemshika Ghazali pale Baghdad kilikuwa kimevaa nguo za dini.

Haya, tuje kwenye kufuta mitandao. Usifute, huko ndo ugali wa watoto ulipo, ukifuta leo utarudisha baada ya siku nne ukiwa umejidharau zaidi. Fanya kama wenye maduka ya zamani wa hapa mjini, adhana ikilia milango ya mbao inavutwa, mteja anasubiri au anaenda naye msikitini. Duka lako halina mlango kwa hiyo linabaki wazi saa 24 mpaka chooni, tatizo ni hilo, dukani hapana shida ila kukosa mlango. Uweke mlango. Ile WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuandika ujumbe wa kujijibu wenyewe ukiwa haupo na unaupangia masaa, andika assalaam alaykum tumefunga, tunafungua saa tatu asubuhi oda yako tumeipokea. Funga kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tatu asubuhi. Mteja wa kweli atasubiri, na anayekutukana kwa sababu hukumjibu saa sita usiku mwache aende.

Simu ichajiwe jikoni. Kununua saa ya kengele ya mezani hakukutii hasara, maana wengi mnaniambia simu iko kitandani kwa ajili ya kuniamsha alfajiri, na kweli inakuamsha, alafu unazima kengele unaona meseji 14, unaingia kwenye udhu tayari umeshabishana na mtu wa Mbagala kuhusu nauli ya bodaboda. Hiyo alfajiri imeshauzwa kabla haijafika. Mi nakuomba kitu kimoja, kuanzia unafumbua macho mpaka umalize nyiradi zako za asubuhi (dhikri na visomo vyako vya kila siku) usione maandishi ya mtu yeyote. Nusu saa haifiki. Hata kama huhisi chochote, kaa tu.

Na nyiradi zenyewe ziwe chache. Hapa ndo wiki zako mbili zinapofia, nina uhakika bila hata kukuuliza, ulianza na juzuu nzima na rakaa nane na tasbihi elfu moja. Bi Aisha kapokea kwa Mtume kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu hata ikiwa chache. Chache! Basi chukua istighfari 100, kumswalia Mtume 100, ukurasa mmoja wa Qurani na tafsiri yake, rakaa mbili kabla ya kulala na witri. Basi. Ukijisikia kuongeza siku ya tatu usiongeze, subiri siku 40. Kama mtaani kwenu inasomwa Ratibul Haddad, mkusanyiko wa dhikri na dua, baada ya isha nenda kakae nao, haizidi robo saa, na waliouchagua utaratibu huu kwa mwambao wetu waliujua udhaifu wetu, ni mfupi na unasomwa na watu pamoja, ukichoka sauti ya mwenzio inakubeba. Mwenyewe aliyeupanga, Imam Abdallah al-Haddad wa Tarim, alizaliwa 1634 akapoteza macho utotoni kwa ndui, na mpaka leo zaidi ya miaka 300 baada ya kufa kwake unasomwa Lamu, Unguja, Tanga mpaka Ngazija.

Jambo ambalo mashekhe wanaume mara nyingi hawaligusi, siku zako za mwezi. Nimewauliza wanawake wengi mmekatikia wapi, jibu ni hilo, ziliingia siku zangu nikaacha, nilipotwahirika nikashindwa kuanza. Sala huswali sawa, lakini dhikri haijakatazwa, istighfari haijakatazwa, dua haijakatazwa, kumswalia Mtume haijakatazwa. Kaa pale pale kwenye mkeka wako wakati ule ule wa alfajiri na tasbihi yako, simu iko jikoni vile vile. Siku zikiisha utakuta kiti chako hakijapoa.

Watoto je? Hawa usiwaweke kwenye hesabu ya vitu vinavyokutoa kwa Mungu. Mtume aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka akisimama anambeba, na akisikia mtoto analia nyuma alikuwa anafupisha sala kwa kumuonea huruma mama yake. Kwa hiyo mtoto akikupanda mgongoni ukiwa sijda usimfoke ukitoa salamu. Huyo unayemnyonyesha saa tisa usiku, soma istighfari zako ukiwa naye kifuani badala ya kushika simu kwa mkono wa pili, hiyo ni qiyamu yako, ibada yako ya usiku, kwa sasa.

La mwisho ni hesabu, na wewe kwa kazi yako utalielewa haraka kuliko wengi. Ghazali anasema nafsi ichukulie kama mshirika wa biashara, mtaji ni umri. Asubuhi unakubaliana naye masharti, mchana unamchungulia anafanyaje, usiku mnakaa chini mnafunga mahesabu, ukimkuta kala mtaji unamdai. Si una daftari la mauzo? Nyuma ya daftari hilo hilo geuza kurasa, kila usiku mistari mitatu haizidi, leo nimepata nini, nimepoteza nini, namdai nani au nadaiwa na nani. Usiandike insha ya kujilaani, mwenye duka akikuta hasara ya 5,000 hakai analia mpaka asubuhi, anaandika anajua kesho azibe wapi. Na hili kwetu si geni, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alilifanya kwa Kiswahili karne mbili zilizopita kwenye Inkishafi, utenzi mzima anasemezana na moyo wake mwenyewe, anauuliza una nini hata husikii maonyo, anaupeleka kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa yanawaka taa usiku, anauonyesha zile zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizokuwa zimepangwa sahani za thamani sasa wamelala makinda ya ndege. Mi kuna siku nikimaliza kuandika mistari yangu namsoma yeye kurasa mbili kwa sauti, jikoni, peke yangu. Kuna kitu kinakufikia kwa lugha uliyolelewa nayo hakikufikii kwa nyingine.

Na siku utakayoshindwa, maana itakuja, mtoto ana homa umelala saa nane hukusoma kitu, Imam Muslim kapokea kutoka kwa Umar kwamba Mtume kasema mwenye kupitiwa na usingizi akaikosa sehemu yake ya usiku, akaisoma kati ya sala ya alfajiri na sala ya adhuhuri, ataandikiwa kama aliyeisoma usiku. Kwa hiyo usianze upya Jumatatu, wala usisubiri mwezi mpya. Isome asubuhi hiyo hiyo kabla ya adhuhuri, hata ukiwa unakunja abaya za watu na kuzitia kwenye mifuko.